Siku Mia Moja Bagamoyo: Habari za Posta ya Zamani

Ufunguo wa sanduku letu la posta haukuwa wetu. Ulikuwa wa jirani, mwalimu mstaafu aliyelikodi sanduku hilo kwa jina lake miaka mingi kabla sijazaliwa, na karibu nusu ya mtaa wetu pale Magomeni, Bagamoyo, tulipokea barua kupitia kwake. Unaandika jina la mwenye barua, chini yake "kwa hisani ya Mwalimu" na jina lake, kisha S.L.P., kisha Bagamoyo, basi. Mwalimu alikwenda posta Jumatatu na Alhamisi. Akirudi alipita mlango kwa mlango na koti lake la kaki lenye mifuko minne, akipiga hodi kwa sauti ya mtu mwenye habari.

Mwaka niliochaguliwa kwenda kidato cha kwanza, barua yangu ililala katika mfuko mmoja wa koti hilo siku 19. Mwalimu alishikwa na homa, koti likatundikwa nyuma ya mlango wa chumbani, homa ikaisha, koti likasahauliwa kwa sababu joto la Januari halimruhusu mtu kuvaa koti. Nilipofika shuleni wenzangu walikuwa wameshagawana vitanda, madawati na hata majina ya utani. Nikapewa jina lililobaki, nalo sitaliandika hapa.

Kwa miaka nilimwekea mzee wa watu kinyongo. Kilichokuja kunitoa kinyongo ni habari za mfuko mwingine wa barua, ambao nao ulikwama Bagamoyo, nao kwa siku mia. Nitaufikia. Kwanza nianze na nyumba.

Posta aliyokuwa akienda Mwalimu ni hii mpya. Ile ya Mtaa wa India, tuliyoiita posta ya zamani, sisi watoto tuliipita tu tukienda kuangalia majahazi yakishusha mizigo, na kwetu haikuwa zaidi ya ukuta na kivuli. Ni nyumba ya ghorofa iliyotumiwa na posta wakati wa Wajerumani, na ina mlango mkubwa wa nakshi, mlango wa aina ambayo wageni huipiga picha kabla hawajauliza ni nyumba ya nani. Mtaa wenyewe unakwenda sambamba na ufuko, mwembamba, nyumba za mawe huku na huku, nyingine zimekarabatiwa zikapakwa rangi, nyingine zimebaki kuta mbili na mti wa mfune umeota katikati ya sebule.

Nyumba hizi zilijengwa kwa mawe ya matumbawe yaliyoshikwa na chokaa, na chokaa yenyewe ilichomwa kutokana na matumbawe hayo hayo. Dari zake zimebebwa na boriti za mikoko. Mkoko haumpi fundi urefu autakao, kwa hiyo vyumba vikawa vyembamba na virefu kama behewa. Anayetaka chumba kipana atafute miti ya namna nyingine na fedha za namna nyingine. Kuta ni nene, ndani kuna ubaridi hata saa nane mchana. Adui yake mkubwa kuliko bahari ni saruji. Chokaa inapumua, unyevu unaingia na kutoka. Mtu akija na mfuko wa saruji akaziba nyufa kwa nia njema, unyevu unabaki ndani, na baada ya misimu michache ya masika plasta inabanduka pamoja na ngozi ya ukuta. Nimeziona nyumba mbili tatu zilizouawa na upendo wa namna hiyo. Kila nikiona mwiko wa saruji Mji Mkongwe wa Bagamoyo tumbo hunikata.

Kwa nini India? Kwa sababu wafanyabiashara wa Kihindi ndio waliokuwa na maduka hapa, wakiuza vitambaa, shanga na nyaya za shaba kwa misafara iliyokwenda bara, na kununua pembe iliporudi. Jina linalotajwa zaidi ni la Sewa Haji Paroo. Henry Morton Stanley, mwandishi wa gazeti, alipokuja Bagamoyo mwaka 1871 kutafuta wapagazi alikutana naye akiwa kijana wa miaka kama 20, akalalamika kwa kurasa kadhaa jinsi kijana huyo alivyomzidi ujanja katika hesabu. Kijana alikua akawa tajiri, akatoa mali yake kwa shule na hospitali, na mpaka leo ukienda Muhimbili utaelekezwa jengo la Sewahaji. Alifariki mwaka 1897. Nafikiri Stanley alimdai Sewa Haji zaidi ya alichostahili, lakini huo ni ugomvi wao.

Sasa ule mfuko.

Tarehe 1 Novemba 1870 Ubalozi wa Uingereza, Unguja, ulituma msafara mdogo uvuke kwenda Bagamoyo na kutoka hapo uelekee Ujiji, ukiwa na mahitaji ya David Livingstone, mmisionari na msafiri wa Kizungu aliyekuwa hajasikika kwa muda mrefu. Ndani yake mlikuwa na mfuko wa barua, umetiwa lakiri, umeandikwa tarehe hiyo. Msafara ukavuka. Ukafika Bagamoyo. Ukakaa. Kwa mujibu wa Stanley, ulikaa mpaka tarehe 10 Februari 1871, siku mia nzima, na ulipoondoka ni kwa sababu watu wake walisikia kwamba balozi mwenyewe anakuja kuwatazama. Stanley aliandika habari hiyo kwa hasira, na mimi niliposoma mara ya kwanza nilicheka peke yangu kwenye daladala. Ubalozi na lakiri zake zote ulipata yaliyonipata mimi na koti la kaki!

Ila kuna upande Stanley hakuuona, au aliuona akauruka. Msafara haukuondoka Bagamoyo kama basi la saa kumi na mbili. Wapagazi walikuwa watu wenye mashamba yao huko Unyamwezi. Walikuja pwani kwa msimu na kurudi kwa msimu. Kikundi kidogo hakithubutu kwenda peke yake, kinangoja wakubwa ili kifuatane nao. Kuna mvua, kuna mito, kuna hongo ya kulipa njiani kwa kila mtemi. Kungoja ilikuwa ni sehemu ya kazi. Na Bagamoyo ulikuwa mji uliojengwa kwa ajili ya wanaongoja: vibanda vya wapagazi, wauza vyakula, ngoma za usiku, wake wa mjini. Watu wanapenda kubishana maana ya jina Bagamoyo, kama ni kubwaga moyo kwa raha au kwa majonzi ya watumwa waliopitishwa hapa, na mimi sitaingia katika ugomvi huo leo. Nasema tu kwamba mtu aliyefika hapa, awe huru au la, alilazimika kungoja chombo.

Aliyebeba mfuko ule Stanley anamtaja kwa jina la Kaif-Halek. Msomaji aliyepita chuo cha Kurani ameshacheka. Kaifa halak ni Kiarabu, "u hali gani". Huenda ni jina la utani alilopewa na wenzake, huenda alikuwa mtu wa kusalimia sana, huenda mzungu alimwuliza jina naye akadhani anasalimiwa akarudisha salamu. Vyovyote iwavyo, mtu aliyetembea kutoka pwani mpaka Ziwa Tanganyika akiwa na barua za watoto wa Livingstone ameingia katika historia kwa jina la Hujambo.

Alikwama tena Tabora kwa ajili ya vita vya mtemi Mirambo, na hapo ndipo Stanley, aliyekuwa akimtafuta Livingstone, alipomkuta akamchukua. Mwisho wa 1871, pale Ujiji, mfuko ukafika, mwaka mzima tangu utiwe tarehe. Stanley anasimulia kwamba mzee Livingstone aliuweka magotini, akafungua, akasoma barua moja mbili za wanawe, uso ukachangamka. Stanley akamsihi amalizie barua zake kwanza. Mzee akasema amengoja barua kwa miaka, amejifunza subira, saa chache zaidi hazimdhuru. Apewe kwanza habari za dunia. Ndipo akaambiwa kwamba Mfereji wa Suez umefunguliwa, na kwamba Ufaransa na Ujerumani zimepigana. Mfereji ulikuwa umefunguliwa mwaka 1869.

Hayo yote yalitokea kabla ya posta. Barua zilikuwepo, wabebaji walikuwepo, desturi ilikuwepo. Watu wa pwani walikuwa wakiandikiana nyaraka kwa Kiswahili na kwa Kiarabu, zikisafiri na manahodha na misafara, na neno tarishi kwa mtu wa kupeleka barua ni la zamani. Wajerumani hawakuileta barua Bagamoyo. Walileta kaunta, mhuri wa tarehe, na bei.

Kaunta ya kwanza ilifunguliwa tarehe 4 Oktoba 1890, Bagamoyo na Dar es Salaam kwa siku moja. Haikuwa hata mwaka tangu Abushiri anyongwe kule Pangani, Desemba 1889, na vita vyake dhidi ya Wajerumani kuzimwa kwa mizinga. Mji ulikuwa bado una makovu. Nikifikiria siku ile sioni tarumbeta. Naona mtu mmoja mbele ya meza, na upande wa pili watu wanaotazama kwa tahadhari nyumba nyingine ya serikali ikifunguliwa.

Mwaka huo huo wa 1890 waya wa chini ya bahari ulivutwa kutoka Unguja ukaunganisha Bagamoyo na Dar es Salaam. Unguja ilikuwa imeshaungwa na Aden tangu 1879, na kutoka Aden dunia nzima. Mkondo ule ambao mashua huuvuka kwa kutegemea upepo, na ambao mfuko wa Kaif-Halek uliuvuka ukaja kulala siku mia, sasa habari iliuvuka kabla chai haijapoa.

Neno letu simu lilitoka huko. Ni la Kiajemi, maana yake waya, na kamusi za mwanzo za Kiswahili zinalieleza kuwa ni telegramu. Ndiyo maana wazee wetu wanapiga simu na pia wanapeleka simu, na ndiyo maana bibi yangu alikuwa akisema "imekuja simu" kwa sauti iliyomfanya mama aache alichoshika. Simu ya karatasi haikuleta habari ndogo. Ililipiwa kwa neno, kwa hiyo watu walikata maneno mpaka ukabaki mfupa. NJOO HARAKA MAMA MGONJWA. Kila mtu nyumbani alijua kwamba mama hayuko mgonjwa. Mgonjwa hapigiwi simu, mgonjwa anaandikiwa barua. Mwaka mmoja ilikuja simu kwa jirani yetu isemayo NJOO HARAKA, bila zaidi, akaondoka na kanga ya msiba ndani ya kikapu, akafika akakuta anaitwa kwenye posa ya binti wa kaka yake. Mtumaji alikuwa amebana fedha. Ugomvi wao ulidumu kuliko ndoa.

Kuhusu bei. Stempu za mwanzo zilizouzwa hapa zilikuwa zile zile za Ujerumani, za pfennig. Lakini huku pwani hakuna aliyekuwa na pfennig mfukoni. Watu walikuwa na rupia na pesa, pesa 64 kwa rupia moja. Mwaka 1893 Wajerumani wakachukua stempu zao wakazipiga chapa nyeusi juu: PESA. Pesa 2, pesa 3, pesa 5, pesa 10, pesa 25. Neno lenyewe lilikuwa limeshavuka kutoka India zamani, na Kampuni ya Wajerumani ya Afrika Mashariki ilikuwa imeshatoa sarafu ya pesa mwaka 1890 yenye maandishi ya Kiarabu upande mmoja, lakini napenda kuwaza karani wa Kijerumani akihesabu stempu za tai wa Kaiser zilizobandikwa neno la sokoni. Mwaka 1901 zikaja stempu zenye picha ya Hohenzollern, merikebu ya anasa ya Kaiser. Kisha fedha zikabadilishwa: rupia moja ikawa heller 100, na kuanzia 1905 stempu zikaandikwa heller. Pesa ikafutwa kwenye karatasi, haikufutwa kinywani. Kwa hiyo leo mmoja akisema hana pesa na mwingine akasema hana hela, wamefilisika kwa maneno mawili, na yote mawili yamepita kwenye kaunta ya posta.

Na kutoka kaunta ile barua za bara ziliendelea kama zilivyokuwa zikienda tangu zamani: kwa miguu ya watu. Mhuri ulikuwa mpya, bahasha mpya, njia ni ile ile ya misafara. Makumbusho na vitabu vya wakusanyaji stempu vinaweza kukuambia mhuri wa Bagamoyo ulikuwa wa duara namna gani na herufi zake zilikaa wapi. Majina ya waliobeba hayamo. Katika wote hao tunaye yule mmoja, Hujambo, na yeye ni wa kabla.

Kilichoipunguza posta ya Mtaa wa India ni kile kile kilichoupunguza mji. Bahari ya Bagamoyo ni ya kina kifupi. Maji yakitoka unaweza kutembea mbali sana ukiwa umekunja suruali tu. Jahazi linapenda hivyo, linakaa juu ya mchanga na kupakuliwa kwa mabega. Meli haiwezi. Mwaka 1891 makao makuu ya Wajerumani yakahamia Dar es Salaam, penye bandari ya kina. Bagamoyo haukufa siku hiyo. Boma kubwa lilijengwa mwaka 1897, forodha ilikuwa na kazi, misafara ilikuja bado. Lakini mwaka 1905 reli ikaanza kujengwa kutoka Dar es Salaam, 1907 ikafika Morogoro, 1912 Tabora, 1914 Kigoma. Barua iliyotoka Ujiji haikuwa na sababu tena ya kupita kwetu. Ilipanda behewa.

Yaliyofuata nayapita haraka, kwa kuwa ni historia ya Tanganyika nzima zaidi ya nyumba moja. Agosti 1916 Waingereza wakautwaa mji. Stempu zikapigwa chapa ya G.E.A., yaani German East Africa, mwaka 1922 akaja twiga na jina Tanganyika, katika miaka ya 30 tukachangia stempu moja na Kenya na Uganda. Uhuru. Jumuiya ya Afrika Mashariki ikavunjika mwaka 1977, posta ya pamoja ikagawanywa kama vyombo vya nyumba ya talaka, tukawa na Shirika la Posta na Simu. Mwaka 1994 Posta na Simu nao wakaachana, kila mmoja akachukua jina lake. Baba yangu hakukubali talaka hiyo ya pili. Mpaka anafariki alikuwa anasema "naenda Posta na Simu" hata akienda kununua vocha.

Hapa ndipo ningependa kukaa kidogo, kwa bibi.

Bibi yangu mzaa mama alikuwa akiandika barua kila mwezi kwa kaka yake aliyekuwa Unguja. Aliandika kwa herufi za Kiarabu, kwa Kiswahili, kwa kalamu ya wino iliyofungwa uzi, amekaa juu ya mkeka na ubao umelala mapajani. Alijifunza herufi hizo chuoni akiwa mtoto, kama watoto wote wa mji, na alizitumia maisha yake yote kuandika madeni, majina ya dawa, mashairi ya harusi. Mwaka 1970 ulipotangazwa kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima, watu wa kisomo walipita nyumba kwa nyumba wakiandikisha wasiojua kusoma na kuandika. Bibi akaandikishwa. Alituhadithia habari hiyo mara nyingi, wakati mwingine akicheka, wakati mwingine hacheki. Kijana aliyemwandikisha alikuwa na adabu, alisema, na alimkuta ameshika barua aliyokuwa anaiandika, akamwomba aiweke kando ili amwulize kama anajua kuandika.

Siwalaumu watu wa kisomo, walifanya kazi kubwa na bibi mwenyewe alikwenda darasani akajua a e i o u kwa raha zake. Lakini bahasha haikungoja. Bahasha ilitaka herufi za Kizungu, maana ndizo anazozisoma mchambua barua. Hiyo ndiyo ikawa ajira yangu ya kwanza. Nikiwa darasa la pili niliitwa sebuleni, nikapewa bahasha, na bibi akinitajia silabi kwa silabi nikaandika jina la mjomba, S.L.P., Zanzibar. Ndani ya bahasha palikuwa na ulimwengu nisioweza kuusoma. Juu yake palikuwa na mwandiko wangu, ambao yeye aliusoma kwa shida na kusema kila mara kwamba herufi zangu zimesinzia.

Alinilipa kashata.

Nyumba nyingi za Bagamoyo zilikuwa hivyo, mwandishi wa ndani na mwandishi wa nje. Na barua zenyewe zilikuwa na adabu yake. Zile za shule tulizozijua sisi zilianza "natumaini hujambo, ama mimi ni mzima wa afya, hofu na mashaka ni kwako wewe uliye mbali na upeo wa macho yangu". Za kina bibi zilianza mbali zaidi, kwa basmala, kwa sifa za anayeandikiwa, kwa salamu kwa kila aliye hai katika nyumba, na "wabaadu" ndipo jambo lenyewe lije. Mtu wa leo akizisoma anaona kupoteza karatasi. Mimi naona hesabu: kama barua itakaa njiani wiki tatu, jambo lililomo linaweza kuwa limekwisha kabla haijafika. Salamu haichachi.

Mwezi wa Shawwal uliopita nilikwenda Bagamoyo kwa mambo ya mirathi ya nyumba, na katika kupekua sanduku la marehemu bibi nikaona bahasha moja ya mjomba. Stempu imeng'olewa, huenda ni mimi niliyeing'oa, nilikuwa na daftari la stempu kama kila mtoto. Barua imo ndani, kurasa mbili, herufi za Kiarabu. Niliitia mfukoni nikatembea mpaka Mtaa wa India. Sina sababu nzuri ya kwa nini huko. Mji Mkongwe wote tangu mwaka 2006 umo katika orodha ya kungojea ya urithi wa dunia ya UNESCO, pamoja na njia ya kati ya misafara ya watumwa na pembe, na hilo la kungojea linaufaa. Nilisimama mbele ya posta ya zamani nikaugusa mlango. Mbao za zamani zina ubaridi wake. Kijana mmoja wa bodaboda alikuwa amekaa kivulini anatumiwa hela kwa simu, ikalia, akasoma, akawasha pikipiki akaondoka. Haikuchukua muda wa kukuna kichwa.

Hatua chache mbele, barazani, alikuwa amekaa mzee mwenye kofia ya mkono na miwani iliyofungwa kwa uzi. Nikamwamkia.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Wewe mtoto wa nani?"

Nikamtajia. Akamtaja babu, akamtaja bibi, akataja na mwembe uliokuwa uani kwetu. Ndipo nikapata ujasiri wa kutoa karatasi.

"Mzee, unasoma herufi hizi?"

Akaniangalia kama niliyemwuliza kama anakula wali. Akaisogeza barua karibu na pua, akaanza. Alisoma kwa sauti ya kughani kidogo, akitikisa kichwa penye sifa. Salamu zilikwenda ukurasa mzima na nusu. Walisalimiwa watu ambao nilidhani ni mimi tu niliyebaki kuwakumbuka. Alisalimiwa paka, kwa jina. Nilisalimiwa mimi: "na huyo karani wako mwambie herufi zake zimeanza kuamka". Mzee akanyamaza kidogo, akanipa nafasi, akaendelea.

"Wabaadu," akasoma, na kidole kikashuka kwenye mistari mitatu ya mwisho. Mjomba alikuwa anasema ule mkeka wa ukili wa rangi mbili ambao dada yake alimwandikia kuwa umeshapelekwa, haujamfikia. Amekwenda gatini mara tatu. Nahodha wa jahazi anaapa kwamba hakukabidhiwa kitu. Jina la nahodha limetajwa.

Mzee akalisoma jina hilo mara mbili, mara ya pili kimyakimya. Akavua miwani.

"Mkeka ulifika?" akaniuliza.

"Sijui, mzee."

Akaikunja barua vizuri kwa mikunjo yake ile ile, akanirudishia.

"Nahodha huyu alikuwa rafiki yangu," akasema. "Nimelala kwake siku nyingi. Alikuwa na mkeka mzuri sana wa rangi mbili."